Manyoya ya maji: kupanda bila kuvuna ni nusu ya somo

Katika somo hili tunajifunza juu ya mimea ya majini yenye majani membamba yaliyogawanyika kama unyoya wa ndege. Mimea hii huota ndani ya maji ya ziwa, mito na mabwawa, na watu wengi huipenda pia katika matangi ya kioo ya samaki wa mapambo. Ikitunzwa vizuri inawasaidia sana wafugaji wa samaki. Ikiachwa yenyewe inaweza kuua samaki na kuleta maradhi nyumbani. Tunaandika tukijua jambo hili si kwa kusoma tu, kwa sababu sisi wenyewe tulikosea.

Tulivyokosea

Mwaka wa pili wa mradi wetu wa ufugaji wa samaki tulipeleka mmea huu kwa vikundi vitatu vya sharika zilizo karibu na Ziwa Victoria. Tuliuchota wenyewe kwa ndoo katika ghuba moja ya ziwa, tukaumwaga katika mabwawa ya kulelea vifaranga siku hiyohiyo. Tulieleza faida zake, tukapiga picha, tukaandika taarifa ya robo mwaka, tukaondoka.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Vifaranga wa sato walipata mahali pa kujificha, na idadi ya waliofikia ukubwa wa kidole iliongezeka katika mabwawa yote matatu. Wanakikundi walifurahia pia kuona bwawa limekuwa la kijani. Sisi ofisini tuliandika kwamba mmea "umestawi vizuri sana."

Kisha ikaja alfajiri moja baada ya siku tatu za mawingu mazito. Mwenyekiti wa kikundi kimoja, mama ambaye si kawaida yake kupiga simu, alitupigia kabla jua halijachomoza. "Mratibu," alisema, "samaki wanahema juu ya maji kama watu waliokimbia. Njooni." Tulipofika, ndoo mbili za vifaranga waliokufa zilikuwa zimekwisha kutolewa. Mmea ulikuwa umejaza bwawa zima toka ukingo hadi ukingo.

Tukiwa bado tunatazama, mama yule alituambia maneno ambayo tumeyakumbuka hadi leo: "Mlitufundisha kupanda. Kuvuna hamkutufundisha."

Hayo hayakuwa yote. Watoto walikuwa wameingia majini hadi magotini, wakiwasaidia wazazi kuvuta mmea nje. Juu ya majani yaliyorundikwa ukingoni tuliona konokono wadogo wengi, magamba yao yakiwa bapa na ya mviringo kama sarafu. Mhudumu wa zahanati ya jirani, aliyekuwa amekuja kuangalia, alituomba tuwatoe watoto majini mara moja. Konokono wa namna hiyo ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo.

Miezi michache baadaye watoto watatu wa wanakikundi walipimwa na kukutwa na kichocho. Hatuwezi kusema kwamba walikipata katika bwawa letu, maana watoto haohao huoga na kuchota maji ziwani. Lakini hatuwezi kusema pia kwamba hawakukipata hapo. Konokono tuliwaleta sisi, katika ndoo zetu.

Tangu siku ile tumeandika upya somo letu lote. Hili ndilo somo lenyewe.

Mmea wenyewe ni upi?

Mmea tunaouzungumzia wataalamu huuita Ceratophyllum demersum. Sisi katika vikundi tumezoea kusema "manyoya ya maji," na tutatumia jina hilo hapa. Ni mmea wa asili katika Ziwa Victoria, na unapatikana katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Utautambua kwa dalili hizi:

- Shina lake ni refu na laini, na laweza kufika mita moja hadi tatu.
- Majani yamepangwa kwa duara kuzunguka shina, mara nyingi 6 hadi 12 katika kila duara. Kila jani limegawanyika mara moja au mbili kama uma.
- Ukilipapasa jani utasikia ukwaruzo, kwa kuwa lina vijino vidogo sana pembeni.
- Karibu na ncha majani husongamana, na tawi huonekana kama mkia wa mnyama.
- Hauna mizizi ya kweli. Baadhi ya matawi hujishikiza katika tope, mengine huelea tu.

Dalili hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote. Kwa kuwa hauna mizizi, mmea huu hupata chakula chake moja kwa moja katika maji. Ukitia samadi nyingi bwawani, unaulisha. Mbolea ikitiririka kutoka shambani na kuingia ziwani, inaulisha vilevile. Tena huzaliana kwa vipande: kipande kifupi kikikatika na kuchukuliwa na maji, kinaweza kuwa mmea mpya. Mkulima wa mahindi hupalilia kwa kukata jembe moja na gugu limekufa. Huku ukikata bila kutoa nje, umepanda.

Faida zake

Mmea ulio kwa kiasi una faida nne kubwa.

Kwanza, ni maficho. Samaki wakubwa hula vifaranga, hata wa kwao wenyewe. Katikati ya majani membamba kifaranga hupita, lakini mkubwa hapiti.

Pili, ni malisho. Juu ya majani huota utando laini na hukaa wadudu wadogo sana, na vifaranga huwatafuna siku nzima. Aina nyingine za samaki, kama sato na perege wanaopenda majani, huula hata mmea wenyewe.

Tatu, husafisha maji. Hunyonya virutubisho vinavyotokana na kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, na hivyo hupunguza utando wa kijani unaoteleza juu ya mawe na kuta.

Nne, mchana hutoa oksijeni. Walimu na viongozi wa vijana wanaweza kulionyesha hilo kwa urahisi. Weka tawi moja katika glasi ya maji, uiache juani. Baada ya muda utaona mapovu madogo yakipanda kutoka katika tawi. Ihamishie kivulini, na mapovu yatapungua. Ni somo zuri la sayansi lisilohitaji maabara.

Upande asubuhi haujionyeshi

Hapa ndipo tulipojikwaa. Mmea hutoa oksijeni pale tu panapokuwa na mwanga. Usiku hautoi, badala yake unavuta oksijeni ileile, pamoja na samaki, wadudu na vijidudu vya tope. Kwa hiyo oksijeni ya bwawa hupungua usiku kucha, na huwa chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza.

Mmea ukiwa kiasi, samaki hufika asubuhi salama. Mmea ukijaza bwawa, oksijeni inaweza kwisha kabla ya alfajiri. Siku za mawingu hatari huongezeka, kwa sababu hata mchana mmea haukutengeneza akiba ya kutosha. Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya tatu ya mawingu katika kikundi chetu.

Mtu anayetembelea bwawa lake saa nne asubuhi hataona kitu. Anayetaka kujua hali ya bwawa aende alfajiri, angalau mara mbili kwa wiki. Akiwakuta samaki wamepanda juu na kufungua vinywa, afanye haya:

1. Aache kulisha siku hiyo.
2. Aingize maji mapya, au achote maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa.
3. Jua likishachomoza, atoe sehemu ya mmea, si wote kwa siku moja. Kuvuruga tope lote kwa pamoja huzidisha shida.
4. Asiache hata rundo dogo la mmea uliokatwa ndani ya maji. Unapooza, nao hula oksijeni.

Kupanda kwa usahihi

Jambo la kwanza ni kuamua bwawa gani linahitaji mmea huu. Katika bwawa la kukuzia samaki wa kula, hatushauri kupanda. Bwawa hilo linategemea maji ya kijani, yaani viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho ambavyo sato huwala. Manyoya ya maji hunyang'anya chakula cha viumbe hivyo, na maji huwa meupe. Isitoshe, mmea husumbua wakati wa kuvuta nyavu. Kipimo cha zamani bado ni kizuri: zamisha mkono wako, na kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, maji ya kijani yanatosha. Mpimaji avae glovu ndefu ikiwa bwawa halijakaguliwa konokono.

Mahali pa mmea huu ni bwawa la kulelea vifaranga, bwawa dogo la samaki wa mapambo, au tangi la kioo. Baada ya kuamua hayo, fuata hatua hizi:

1. Pata mbegu safi. Ni heri upewe tawi na mfugaji ambaye bwawa lake lina mmea usio na konokono kuliko kuchota ziwani. Chukua ncha za matawi, urefu wa kiganja hadi dhiraa moja. Acha sehemu kuukuu za chini, kwa maana huko ndiko kunakong'ang'ania uchafu.

2. Weka karantini. Suuza kila tawi mara tatu katika maji safi, kisha liweke katika ndoo au beseni peke yake kwa wiki mbili, mahali penye mwanga. Kila baada ya siku mbili kagua. Ukiona konokono, au mayai yao ambayo huonekana kama tone la ute unaong'aa chini ya jani, toa na uponde. Ukiendelea kuwaona baada ya wiki mbili, anika tawi hilo juani hadi likauke kabisa, utafute jingine. Maji ya ndoo yamwage shambani, mbali na bwawa na mto.

3. Tengeneza fremu. Funga mianzi minne iwe pembe nne, mita mbili kwa mita mbili, na uielekeze juu ya maji. Ifunge kwa kamba kwenye kigingi cha ukingoni. Mmea utakaa ndani ya fremu. Kwa bwawa la mita tano kwa kumi, fremu tatu ni mwisho. Hizo ni mita za mraba 12 kati ya 50, yaani chini kidogo ya robo.

4. Weka matawi. Kwa kila fremu anza na ujazo wa ndoo moja ndogo. Unaweza kuyaacha yaelee, au kufunga kitita cha matawi matano kwenye jiwe kwa kamba laini. Usikaze sana, shina likibanwa huoza.

5. Weka fremu mahali panapopata jua lakini mbali na ukingo. Majani yanayogusa ukingo huwa maficho ya konokono na viluwiluwi vya mbu, na pia humlazimisha mtu kuingia majini.

Wiki ya kwanza au mbili mmea unaweza kupukutisha majani mengi kama sindano. Usiogope. Unazoea maji mapya. Toa yaliyopukutika kwa chandarua kidogo, na ncha mpya zitachipua.

Kuvuna ndiyo kutunza

Kanuni tunayofundisha sasa ni moja: mmea ukitoka nje ya fremu, umezidi. Hakuna haja ya mizani wala hesabu. Mwanakikundi yeyote, hata mtoto akiwa amesimama ukingoni, anaweza kuliona hilo.

Vuna kila wiki wakati wa joto na mvua, na kila wiki mbili wakati wa baridi. Tumia reki yenye mpini mrefu ukiwa umesimama ukingoni. Vuta fremu kwa kamba, toa nusu ya mmea ulio ndani, bakiza ncha changa zenye kijani kibichi. Kisha pitisha chandarua kuokota vipande vinavyoelea, kwa kuwa kila kipande ni mbegu. Kabla ya kubeba mavuno, yatingishe juu ya beseni la maji ya bwawa ili vifaranga waliojificha waanguke na kurudishwa.

Vikundi vyetu vimeweka daftari la mavuno. Kila wiki mwenye zamu huandika tarehe, ndoo ngapi zimetolewa, na kama konokono wameonekana. Mwanzoni tulilitaka daftari kwa ajili ya taarifa zetu. Baadaye tuligundua kwamba ni wao linalowasaidia zaidi. Ndoo zikianza kuongezeka wiki hadi wiki, wanajua kuwa bwawa limepata mbolea kupita kiasi, na wanapunguza samadi.

Konokono na kichocho

Tanzania huhesabiwa kuwa nchi ya pili Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho. Katika Ziwa Victoria kichocho kilichoenea ni kile cha tumbo. Mtu mgonjwa akijisaidia karibu na maji, mayai hufika majini na kuanguliwa. Viini vyake huingia katika konokono, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu anayeingia majini. Bila konokono, mzunguko unakatika. Na konokono hupenda mimea iliyozama, manyoya ya maji yakiwa miongoni mwa ile wanayoipenda zaidi.

Ushuhuda mzuri umetoka Senegal. Mwaka 1986 lilikamilika bwawa la Diama karibu na mdomo wa Mto Senegal. Maji ya chumvi yakazuiwa, kilimo cha umwagiliaji kikaongezeka, na baada ya muda kichocho kikalipuka katika vijiji vya bonde hilo. Watafiti waligundua kwamba mbolea inayotiririka kutoka mashambani inastawisha mimea ya majini, hasa huuhuu wetu, na kwamba konokono wengi wanaishi juu yake. Walifanya jaribio katika vijiji 16. Katika baadhi ya vijiji waliondoa mimea mahali ambapo watu huchota maji, zaidi ya tani 400 kwa jumla. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023 katika jarida la kisayansi la Nature: konokono walipungua, na watoto wa vijiji hivyo waliambukizwa tena kichocho cha tumbo kwa kiwango cha chini kuliko wa vijiji ambavyo mimea haikuondolewa. Mimea iliyotolewa iligeuzwa mboji ya vitunguu na pilipili, na chakula cha kondoo na ng'ombe.

Tunajifunza nini? Kwamba kuvuna si kazi ya bwawa tu, ni kazi ya afya. Kwa hiyo, katika kila bwawa:

- Mvunaji avae buti na glovu ndefu za mpira. Asiingie majini bila sababu.
- Avune mapema asubuhi. Viini vya kichocho cha tumbo hutoka katika konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na saa za mchana.
- Watoto wasivune, wasioge na wasicheze bwawani.
- Choo kiwepo, kiwe mbali na bwawa, na maji ya mvua yasipite chooni kuja bwawani.
- Ukingo ufyekwe, maji yasiwe na nyasi zinazoning'inia.
- Wanakikundi wapimwe katika zahanati, na wanaougua wapate dawa. Kichocho kinatibika kwa vidonge, lakini dawa haimkingi mtu anayerudi katika maji yaleyale.

Mavuno yana kazi

Mmea uliovunwa si uchafu. Sehemu yake kubwa ni maji, kwa hiyo uanike kwanza juani kwa siku mbili au tatu juu ya turubai au mawe, mbali na bwawa. Kukauka huko huua wengi wa konokono na mayai yao. Baada ya hapo una njia mbili.

Njia ya kwanza ni mboji. Panga tabaka la mmea, tabaka la majani makavu au mabua, kisha samadi kidogo, na urudie. Geuza rundo kila baada ya wiki mbili. Akina mama wa kikundi chetu huitumia katika bustani za mchicha na vitunguu.

Njia ya pili ni malisho. Kuku, bata, nguruwe na mbuzi hula mmea uliokauka kidogo ukichanganywa na chakula chao cha kawaida. Anza na kiasi kidogo uone kama wanaupenda.

Tahadhari moja: mmea huu hunyonya pia madini mazito na sumu nyingine zilizomo majini. Kama maji yako yanatoka karibu na mahali pa kuchenjulia dhahabu, au kwenye mfereji wa maji machafu ya mji, usiulishe mifugo na usiutumie katika bustani ya mboga.

Katika tangi la kioo

Vijana kadhaa mjini wametuuliza kuhusu matangi ya samaki wa mapambo, na wapo wanaojipatia kipato kwa kuuza samaki hao. Manyoya ya maji ni mmea mzuri wa kuanzia, kwa sababu hauhitaji udongo wala mbolea.

Kwa tangi la lita 60, matawi matatu hadi matano yanatosha. Yaache yaelee, au yafunge kwenye jiwe. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi katika ndoo kwa saa 24 kabla ya kutumia. Badilisha robo ya maji kila wiki. Mwanga wa taa kwa saa 8 hadi 10 kwa siku unafaa. Usiweke tangi mahali jua linapopiga moja kwa moja, maana maji yatapata joto sana na kioo kitajaa utando wa kijani. Shina likirefuka, kata, tupa sehemu kuukuu ya chini na ubakize ncha.

Samaki aina ya gapi huzaa watoto hai, na mama yao mwenyewe huwala. Tawi moja zito linaloelea huwaokoa wengi. Samaki wa dhahabu, kwa upande mwingine, hutafuna mmea, hivyo uwe na akiba katika ndoo ya pembeni.

Usilete usichokijua, usitupe ulichonacho

Madukani ipo mimea mingine ya umbo la unyoya, yenye kupendeza zaidi. Mmoja ni Cabomba caroliniana, ambao asili yake ni mabara ya Amerika. Mwingine ni Myriophyllum aquaticum wa Amerika Kusini, ambao ncha zake huchomoza juu ya maji na huitwa na Wazungu "unyoya wa kasuku." Huu wa pili umevamia mito ya Afrika Kusini, na tangu mwaka 2016 yote miwili imo katika orodha ya mimea iliyopigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya. Mahali pengi ulikovamia, unyoya wa kasuku hauna mbegu kabisa. Umeenea kwa vipande tu, vingi vikitupwa na watu.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini na kusambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa maua yake. Lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 liliziba bandari na mialo. Wadudu waliofugwa na kuachiwa kulila walisaidia kulipunguza sana, lakini hadi leo halijaisha.

Kwa hiyo: usinunue mmea wa majini usioujua asili yake. Na ukichoka na tangi lako, usimwage maji wala mmea mtoni, ziwani au katika mtaro wa mvua. Anika mmea hadi ukauke, kisha uuzike katika shimo la mboji.

Walikofikia wenzetu

Kikundi kile kilipokutana baada ya hasara, baadhi ya wanakikundi walitaka mmea uondolewe kabisa, na walikuwa na haki. Wengine walikumbusha jinsi vifaranga walivyoongezeka miezi ya mwanzo. Walikubaliana kukausha bwawa, kulianika hadi tope lipasuke, kulitia chokaa, na kuanza upya kwa mmea uliopita karantini na fremu mbili tu. Tulilipia vifaranga wapya, kwa kuwa hasara ilikuwa yetu.

Mama mwenyekiti ndiye anayefundisha somo hili sasa tunapotembelea vikundi vipya. Huanza na reki mkononi, kabla ya kumwonyesha mtu yeyote mmea wenyewe.

Maswali ya majadiliano katika kikundi

1. Je, kuna mmea wowote wa majini katika bwawa letu? Uliingiaje?
2. Ni nani kati yetu huenda bwawani alfajiri? Ameona nini?
3. Watoto wetu wanagusana na maji wapi na saa ngapi? Tunaweza kubadilisha nini bila kusubiri msaada?
4. Tukivuna ndoo tano kwa wiki, tutazifanyia nini? Nani atakuwa na zamu?
5. Je, kuna kitu kingine ambacho mradi ulituletea bila kutufundisha jinsi ya kukidhibiti? Tuutaje, na tumwambie mratibu.